Mkono wa Siku ya Mazishi

Tabibu Gaudensi Mbano alikuwa amekatazwa utani. Hakukatazwa na mkewe wala na padri. Alikatazwa na mwongozo, kurasa arobaini zilizokuja pamoja na dawa, na kwenye ukurasa wa sita watafiti waliandika kwamba mgonjwa aliyechomwa zinduo, ndiyo dawa yenyewe, azungumzishwe kwa lugha tulivu, isiyo na kejeli wala mzaha. Sasa jaribu wewe kumwambia Mngoni aliyepangiwa kazi kwa Wahehe, watani wake wa jadi, asitanie. Lakini Gaudensi alikuwa mtu wa kufuata maandishi, na kwa wiki tatu nzima aliwaamkia wazee wa Ihegela kwa adabu, mpaka wenyewe wakaanza kuulizana kama amefiwa.

Aliyeikosa zaidi sauti yake ya zamani, ingawa hakuweza kusema anakosa nini, ni Bi Skolastika Kikoti. Huyu alikuwa mwonja chai. Miaka thelathini na moja alionja majani ya kiwanda, vikombe mia mbili kwa siku, anavuta chai kwenye kijiko kwa kishindo kinachosikika mpaka getini, anaizungusha mdomoni, anatema, kisha anasema hii imetoka shamba la bondeni na imecheleweshwa kukaushwa. Hakukosea. Zamani Gaudensi akimtembelea alipokewa na swali lilelile: babu zako walitembea kutoka kusini kabisa mwa bara hili kwa kumkimbia mtu mmoja, iweje wewe uhemee kilima hiki kidogo? Naye Gaudensi alikuwa akimjibu ashukuru, maana Wangoni wasingefika, Wahehe wangebaki kupigana na vivuli vyao. Kisha chai inamiminwa.

Hayo yalikuwa kabla ya ugonjwa wa usahaulifu. Sasa Bi Skola alikuwa na miaka sabini na sita, na sita ya mwisho ilikuwa imemchukua kidogo kidogo, kwanza majina, halafu njia ya kisimani, halafu jiko lake mwenyewe.

Dawa ililetwa kwa droni kila Jumatatu, ndani ya kisanduku cha baridi kisichozidi ukubwa wa mkate. Ndugu wa wagonjwa Gaudensi aliwaeleza hivi: ugonjwa huu ni magugu yaliyofunga njia za shambani, na zinduo inafyeka. Ila njia iliyofyekwa isipopitwa, inafunga tena. Kwa hiyo baada ya kila sindano mgonjwa anapata saa mbili za kuzipita njia zake, na anayempitisha ni msimulizi, ndugu wa karibu mwenye sauti anayoijua, anayemsimulia maisha yake mwenyewe. Utepe mweusi anaovaa mgonjwa kichwani unausikiliza ubongo. Kumbukumbu ikishika, kwenye kishikwambi cha tabibu unatokea mstari wa kijani. Isiposhika, mstari wa kijivu. Sindano ni sita, wiki sita, na baada ya hapo mlango unafungwa: kilichoshika kimeshika, na kilichobaki nje ndiyo basi.

Na humo ndani kuna mtego. Kwa saa hizo mbili ubongo hauna mlinzi mlangoni. Uongo ukisemwa na sauti inayoaminika, unaingia na kukaa kama mwenyeji. Ndiyo maana wiki ya sita tabibu hutia saini kwamba yote yaliyoshika ni kweli. Likiwepo la uongo, mwongozo unasema ling'olewe, na kuling'oa ni kumwambia mgonjwa mara tatu, ndani ya saa zake mbili, kwamba halikuwa hivyo.

Msimulizi wa Bi Skola alikuwa binti yake wa pekee, Editruda, mhandisi wa mitambo, mwanamke wa miaka arobaini na tano aliyerudi Ihegela mwaka uliopita majirani walipompigia simu kwamba mama yake anachemsha sufuria tupu. Mama alimpokea vizuri mno. Alimpa kiti, akamuuliza ametoka kwa nani, akamshukuru kwa kuja kumtembelea. Mwaka mzima alikuwa anamshukuru hivyo kila asubuhi.

Sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu, Editruda alisoma orodha aliyoiandaa. Mama, ulizaliwa Kiponzelo. Mama, ulisoma kwa masista. Sauti yake ilikuwa laini kama mwongozo ulivyotaka, na Bi Skola alimsikiliza kwa adabu ya mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani. Mistari ikatoka kijivu yote.

Siku ya sindano ya nne Editruda aliiweka orodha pembeni. Gaudensi alikuwa mezani kwake, hatua tatu tu kutoka kitandani, macho kwenye kishikwambi.

"Siku tunamzika baba," Editruda akasema, "nilikaa na wewe mkekani, mama. Nilikushika mkono. Sikuuachia mpaka walipomaliza kufukia."

Mstari ukaruka. Ulikuwa wa kijani, mnene, wa aina ambayo Gaudensi alikuwa ameiona kwenye mafunzo tu. Bi Skola akafumbua macho, akamgeukia binti yake, akamtazama muda mrefu.

"Ulikuwa na mkono wa moto," akasema. "Nje mvua, baridi, wewe mkono wa moto. Mwanangu."

Ilikuwa miaka mingi hajaitamka hiyo mwanangu. Editruda aliinamisha uso kwenye shuka na kulia bila sauti, na Gaudensi naye macho yalimjaa, akajifanya anafuta kioo cha kishikwambi. Furaha yake ilidumu kama dakika moja. Kisha akakumbuka kwamba kwenye mazishi ya Mzee Kikoti yeye alikuwepo, na Editruda hakuwepo.

* * *

Wiki ile Bi Skola alichanua. Alimsimulia muuza maziwa, alimsimulia katekista, alimsimulia kila aliyepita njia ya ukoka mbele ya nyumba, kwamba mwanangu huyu, huyu hapa, siku ya msiba wa baba yake alinishika mkono. Alianza kula. Alianza kugomba, jambo ambalo kwa Mhehe ni dalili njema ya afya. Na siku ya sindano ya tano, ile kumbukumbu moja ilipovutwa, nyingine zilifuata kama viazi kwenye shina: ndoa yake ilishika, kiwanda kikashika, kikombe cha kwanza alichowahi kukitema na cha mwisho. Mistari kumi na minne ya kijani, na yote, ukiifuatilia kwenye kioo, imeota kutoka kwenye ule mkono.

Gaudensi alimpigia mratibu wa mkoa, akauliza kama mtu anayeuliza tu, kwamba mzizi ukiwa wa uongo na matawi ya kweli, inakuwaje. Mratibu alimjibu bila kusita kwamba mzizi unang'olewa. Kwenye majaribio, akaongeza, watatu kati ya kumi walipoteza na matawi. Wengine walilia kana kwamba msiba umetokea siku hiyo. Lakini ukweli ni haki ya mgonjwa, na saini ni ya tabibu.

Maneno hayo yalimkaa Gaudensi kifuani. Mchana wake ulipita akiwa amekishika kijiko, wali umepoa, anajiuliza haki ya mgonjwa ni ipi hasa. Ni kujua kwamba mwanawe alimtupa siku ya kumzika mumewe? Au ni kufa siku moja akiamini alishikwa? Nani alimpa yeye, mtoto wa Mbano wa Peramiho, kazi ya kuamua mama wa watu akumbuke nini? Kazi hiyo hakuitaka. Alitaka kuchoma sindano na kupima presha.

Alimwita Editruda nyuma ya kituo cha afya, penye tangi la maji, akamwambia kwa upole kwamba siku ile ya mazishi alikuwepo. Editruda hakukana. Aliegemea tangi, akaeleza yote kana kwamba alikuwa akisubiri kuulizwa tangu arudi.

Ule ulimi wa mashine unaoonja chai kiwandani leo, aliuleta yeye. Ndiyo kazi ambayo kampuni yake ilimtuma, miaka kumi iliyopita, na alikuja akiwa na fahari, anadhani mama atafurahi kuona mwanawe amekuwa mtu. Siku mtambo ulipowashwa, Bi Skola alipewa cheti na keki ya kumuaga kazini. Jioni ile nyumbani alimwambia binti yake kwamba amemkata ulimi mbele za watu, na asikanyage tena kwake, si kwa harusi wala kwa msiba. Mwaka haukupita, Mzee Kikoti akafariki.

"Ugonjwa ulimsahaulisha lile neno, daktari," Editruda akasema. "Nilipoona amelisahau, nikasema Mungu amenipa nafasi. Hiyo moja tu niachie. Mengine yote ng'oa."

Kuna jambo lilikuwa linamsumbua Gaudensi, na lilikuwa la kitaalamu kabla halijawa la moyo. Wiki tatu yule mama hakushika hata tarehe ya kuzaliwa kwake. Iweje ashike la uongo, tena kwa mstari mnene namna ile? Na ule mkono wa moto umetoka wapi? Editruda hakuusema.

Ndipo alipokumbuka.

Miaka tisa iliyopita alikuwa mgeni Ihegela, na msiba ulipotokea alikwenda kama mtani anavyotakiwa kwenda: kusonga ugali, kupika maharage ya waombolezaji, na kuleta fujo ili wafiwa wapumue. Aliona mkekani, karibu na mjane, nafasi tupu ambayo watu wote waliikwepa kwa macho. Basi akatoka jikoni, akajifunga khanga kiunoni na kichwani, akaingia akilia kwa sauti ya kike kwamba yeye ni binti wa marehemu, amechelewa, wamsamehe, barabarani amekutana na Mngoni mzuri sana akamkawiza. Msiba mzima ulicheka. Mjane alicheka mpaka akaegemea bega lake, na kicheko kikageuka kilio, na Gaudensi akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye sufuria ya maharage. Hakuuachia mpaka walipomaliza kufukia.

"Dada Editruda," akasema, "mama yako hajadanganyika. Kweli alishikwa. Ila aliyemshika ni mimi."

Kisha Gaudensi akamweleza alichoamua, nacho hakikuwemo kwenye ukurasa wa sita wala ukurasa wowote. Hatamwambia Bi Skola mara tatu kwamba haikuwa hivyo. Hatamwambia kitu. Jumanne ijayo atamtania tu, kama zamani, na kama Bi Skola mwenyewe hatakumbuka, basi atatia saini na siri hiyo watazikwa nayo wawili. Akikumbuka, Editruda awe tayari kuulizwa, na akiulizwa ajibu kweli.

Editruda alifuta uso kwa kiganja. Alisema anaogopa. Gaudensi akamwambia hata yeye anaogopa, maana kazi anaipenda. Mwishowe yule dada akaitikia kwa kichwa.

* * *

Sindano ya sita ilichomwa saa nne asubuhi. Editruda alikaa kwenye kiti chake, mikono amebana katikati ya magoti. Bi Skola alilala amejiegemeza kwenye mito, utepe kichwani, anamsimulia tena muuguzi habari ya ule mkono.

Gaudensi alitoka, akafunga mlango. Aliporudi alikuwa amejifunga shuka la hospitali kiunoni na jingine kichwani, analia kwa sauti nyembamba inayokera.

"Uwii, mama yangu! Nimefika! Mimi Editruda! Msinitazame hivyo, nimechelewa kidogo tu, kuna Mngoni barabarani, mzuri jamani, sikuweza kumpita!"

Kishikwambi kilichobaki mezani kikaanza kulia tiii tiii, kimeona mzaha, kinaonya. Hakuna aliyekisikiliza. Bi Skola alikuwa ameduwaa. Kisha kona ya mdomo ikamcheza, kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, cha mwanamke aliyekuwa akisikika mpaka getini. Gaudensi akaketi ukingoni mwa kitanda na kumshika mkono, naye Bi Skola akamwegemea begani, bado anacheka. Taratibu kicheko kikapungua. Akauinua ule mkono, akautazama kiganja na mgongo. Akamtazama mwenye mkono.

"Mtumwa wangu," akasema, kama alivyomwita zamani kwa utani. "Ni wewe. Nilidhani wewe ulishakufa, wameniletea mwingine, mpole mpole."

"Nipo, bibi yangu."

"Ulikuwa wewe mkekani." Akanyamaza. "Editruda hakuja."

Editruda alijikunja kwenye kiti. Gaudensi alitupa jicho kwenye kioo, akitarajia kuona ule mstari unakatika na matawi yake yote kumi na manne yakigeuka kijivu. Haukukatika. Ulikuwa palepale, kijani, umenenepa zaidi. Kilichobadilika ni mwenye mkono tu.

Bi Skola alimgeukia binti yake. Hakuna mgeni aliyewahi kutazamwa vile.

"Kwa nini hukuja kumzika baba yako?"

Na Editruda akasema. Alisema alifika Mafinga. Alipanga chumba gesti ya karibu na stendi, ana shada la maua, na siku mbili alikaa dirishani anatazama magari ya kuja huku yakijaa na kuondoka. Kila alipotaka kupanda alilisikia lile neno, usikanyage. Siku ya tatu alisikia kwa simu kwamba wameshazika. Alimpa shada mama muuza ndizi, akarudi alikotoka.

"Neno gani?" Bi Skola akauliza.

Hapo Gaudensi alitamani aombe sindano nyingine, ya kusahaulisha. Editruda alimtazama, naye hakuweza kumsaidia. Editruda akalisema. Alilisema lote, ulimi, keki, harusi na msiba.

Bi Skola alifumba macho. Kwenye kioo mstari mpya ulikuwa unajichora wenyewe, polepole, bila kusimuliwa zaidi. Machozi yalimtoka pande zote mbili za uso na kuingia kwenye utepe.

"Nilisema mimi," akasema. "Nilisema kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika lile keki lao." Akavuta pumzi, na aliporudi kusema sauti ilikuwa imepata ukali wake wa zamani. "Lakini wewe mtoto. Umenibishia tangu unanyonya. Nikisema lala, umeamka. Nikisema usisomee vyuma, umesomea vyuma. Siku hiyo moja, siku ya baba yako, ndiyo ukaamua kunitii?"

Editruda alicheka na kulia kwa pamoja, hakujua lipi lianze. Bi Skola alimnyang'anya Gaudensi mkono wake, akaunyoosha upande wa pili wa kitanda.

"Shika sasa," akamwambia binti yake. "Usiulizeulize. Nimechelewa kukupa, na wewe umechelewa kuja."

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini na mbili. Editruda hakusimulia kitu, alishika tu.

* * *

Fomu ilimshinda Gaudensi. Kwenye swali la msimulizi ni nani kulikuwa na mtoto, mwenzi, ndugu wa damu. Alifuta mara tatu, akaishia kuandika mtani pembeni, na chini yake maelezo ya ukurasa mzima: kwamba kwa wagonjwa wa huku lugha tulivu ni lugha ya wageni, na kwamba utepe ulionesha nini pale mzaha ulipoingia. Alikiri amevunja mwongozo. Akatia saini kwamba yote yaliyoshika ni kweli, akatuma, akakaa kusubiri barua ya kusimamishwa kazi.

Barua haikuja. Lilikuja swali, fupi, kutoka kwa watafiti wenyewe: je, watani wangapi wanapatikana katika kata yake?

Wiki tatu baadaye Bi Skola aliteremka kile kilima mwenyewe mpaka kituoni, Editruda nyuma yake na chupa ya chai. Alikuja kupima presha, alisema, lakini hakunyoosha mkono kupimwa. Alisimama mbele ya meza ya Gaudensi, akajishika kiuno.

"Mtumwa wangu, khanga yangu iko wapi?"

Gaudensi alimuuliza khanga ipi.

"Siku ya msiba. Uliianua kwenye kamba yangu nyuma ya jiko. Ya bluu, imeandikwa Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ulijifunga, ulichekesha watu, ukaondoka nayo. Miaka tisa."

Hayo hakuna aliyemsimulia. Editruda hakuyajua, na Gaudensi mwenyewe alikuwa ameyasahau kabisa. Njia ilikuwa imefyekwa, na yule mama alikuwa ameanza kuipita peke yake.

Khanga ilikuwa nyumbani kwake, na alijua ilipo, ila alikuwa akidhani ni ya mkewe. Akakiri kwamba imepauka, maana imebeba watoto wake wawili mgongoni mpaka wakajua kutembea.

Bi Skola alikaa kitini kulitafakari hilo. Editruda alimimina chai, mama akaivuta kwa kishindo, akaizungusha mdomoni, akaimeza.

"Kumbe miaka yote hiyo nalea Wangoni bila kujua," akasema. "Waambie waje kunisalimia. Na khanga waje nayo."

Kisha akanyoosha mkono, apimwe.